Hapana, Pikipiki Kuukuu Haikuumbwa Ivuje Oili

Kati ya bandari ya Moba, chini kabisa kando ya Ziwa Tanganyika, na Kirungu, mji uliokaa juu ya uwanda, kuna mpando unaozitia injini zote katika mtihani. Hupita hapo wauguzi wanaopeleka chanjo, walimu, makatekista, wachuuzi wa samaki na wamotari, wengi wao juu ya pikipiki zilizokwisha kupita mikononi mwa watu kadhaa: Honda CG125, nakala zake za Kichina, Boxer na TVS za Kihindi. Zikisimama kidogo tu kando ya soko, huacha alama nyeusi ardhini, na kila alama ina maelezo yake. Maelezo hayo ni yaleyale Moba, Kalemie, na hata ng'ambo ya ziwa huko Kigoma. Nayapinga hapa moja baada ya jingine, kwa sababu yanawapotezea watu wasio na fedha injini nzima kwa ajili ya kipande cha mpira kinachoshikika kwa vidole viwili.

"Pikipiki ya zamani lazima ivuje." Hili ndilo lililozaa mengine yote, na lina historia. Pikipiki za Kiingereza za miaka ya 1950 na 1960, akina Triumph, BSA na Norton, zilijulikana duniani kote kwa madoa zilizoyaacha sakafuni, na wenyewe wakayakubali kama tabia ya chuma. Kisha Honda wakaleta Super Cub mwaka 1958 na CB750 mwaka 1969, na watu wakaona kwamba injini inaweza kukaa kavu miaka mingi. Wengine walidai siri ilikuwa namna kasha la injini lilivyogawanywa: Waingereza waliligawa wima, ilhali CB750 na wenzake waligawanywa kwa ulalo. Lakini CG125 yenyewe, iliyotoka mwaka 1976 kwa ajili ya nchi ambazo fundi na vipuri viko mbali, kasha lake limegawanywa wima, kushoto na kulia, na ikiwa nzima haidondoshi tone. Kilicholeta tofauti ni nyuso za chuma zilizokatwa sawasawa, gasketi na sili bora, na njia ya kutosha ya kutolea hewa. Hayo matatu yanarudishika katika injini ya umri wowote.

Umri unachofanya ni kuukausha mpira. Joto la miaka huigeuza sili iwe ngumu, mdomo wake ukaacha kuukumbatia mhimili unaozunguka; gasketi ya karatasi nayo husinyaa. Sili na gasketi zilitengenezwa zikijulikana kwamba zitachakaa kabla ya chuma. Kusema pikipiki inavuja kwa sababu ya uzee ni kuacha kuuliza ni sili ipi.

"Inavuja hapa, si unaona?" Unachoona ni mahali oili ilipofika. Ilikotoka ni habari nyingine. Oili hutambaa, hufuata mbavu za silinda, husukumwa nyuma na upepo wa mwendo, na mwisho hukusanyika kwenye boliti ya chini ya kumwagia, ambayo basi hulaumiwa kila siku na kukazwa bila kosa. Nimeona injini iliyobadilishiwa washa ya boliti hiyo mara kwa mara, na kumbe oili ilikuwa inatoka juu kabisa, kwenye kifuniko cha valvu.

Kutafuta chanzo hakuhitaji chombo cha fedha nyingi. Injini ikiwa imepoa, isugue yote kwa brashi na mafuta ya taa, kisha sabuni na maji, uiache ikauke kabisa. Tandaza juu yake poda ya watoto, au chaki ya shule iliyosagwa laini. Endesha kilomita mbili au tatu, usimame, utazame kwa tochi. Mahali palipolowa juu kuliko pengine pote, na mbele kuliko pengine pote, ndipo pa kuanzia. Kiangazi, vumbi jekundu la njia ya Kalemie hufanya kazi hiyo bila kuombwa: tope jembamba juu ya mbavu ni mchoro wa njia ya oili, na fundi anayeliosha kabla ya kulitazama amefuta ushahidi.

Upande wa kushoto, nyuma ya sproketi ya mbele, pana udanganyifu wa pekee. Hapo kwa kawaida kuna sili ya mhimili unaotoa nguvu kwenda kwenye mnyororo, na karibu yake sili ya mhimili wa kubadilishia gia. Lakini hapo pia ndipo mnyororo unaporusha mafuta yake. Mwenye pikipiki akishaupaka mnyororo oili chafu kwa ukarimu, kifuniko chote huloa, na fundi mwenye haraka hufungua injini isiyo na ugonjwa. Kabla ya kununua chochote, futa mnyororo, safisha pale, endesha, tazama tena.

"Kaza boliti zaidi, itaacha." Kasha la injini ni alumini, na boliti ndogo za vifuniko, zile za milimita 6, zinataka nguvu ya nyutoni mita 10 hivi, yaani kukaza kwa kifundo cha mkono, spana fupi, bila kusimamia mguu. Ukizidisha, mambo mawili hutokea. Kifuniko hubonyea penye boliti na kuinuka katikati ya boliti na boliti, kwa hiyo mwanya unaongezeka pale ulipotaka uzibe. Na nyuzi za alumini hukatika, boliti ikazunguka bila kushika. Boliti ya kumwagia oili ndiyo inayouawa hivyo kuliko zote. Yenyewe inatosha nyutoni mita 25 au 30, na kinachoziba si nguvu, ni washa laini ya shaba au alumini inayobonyea kidogo ili kujaza mikwaruzo. Washa iliyotumika imekuwa ngumu. Ikiwa ni ya shaba na mpya haipatikani, ichome hadi iwe nyekundu, uiache ipoe, uisafishe: shaba hurudia ulaini wake. Ya alumini usijaribu, itayeyuka mbele ya macho yako.

Kama nyuzi zimekwisha kukatika, kuzungushia boliti utepe wa fundi bomba hakuponyi kitu; vipande vyake huingia ndani. Panatakiwa nyuzi mpya, kwa kutia koili ya chuma ya kutengenezea nyuzi au kwa kutoboa saizi moja juu. Kazi hiyo hufanywa na mtu mwenye mkono mtulivu, na ni bora isubiri hadi apatikane.

"Paka silikoni ya kutosha." Sina ugomvi na silikoni. Mahali ambapo mtengenezaji mwenyewe hakuweka gasketi, utando mwembamba juu ya chuma safi na kikavu hufanya kazi nzuri. Ugomvi wangu ni na neno "ya kutosha." Kinachofurika nje baada ya kufunga kifuniko kimefurika pia ndani, ila cha ndani hukioni. Kikikatika kinasafiri na oili hadi kwenye chujio la chini au kwenye tundu dogo la kupandishia oili juu, na hapo injini ambayo ilikuwa inapoteza matone inaanza kukosa oili kabisa sehemu za juu. Halafu kuna suala la muda. Silikoni hukomaa kwa saa kadhaa, na nyingi zinataka siku nzima. Mteja anayesubiri kando huku injini ikiwashwa baada ya dakika kumi amelipia kazi ambayo haikufanyika. Na kwenye gasketi ya silinda hedi, penye moto na mgandamizo, silikoni haina nafasi hata kidogo.

"Tia oili nzito, tia namba 90." Wanaosema hivi wanadhani namba 90 ni karibu mara mbili ya uzito wa 50. Si kweli. Namba za oili ya gia ziko kwenye kipimo chake peke yake, na namba za oili ya injini kwenye kipimo kingine. Kwa joto la nyuzi 100, oili ya gia ya SAE 90 ina uzito unaoangukia kati ya SAE 40 na SAE 50 za injini. Kwa hiyo aliyemwaga namba 90 hakupata uzito alioutaka. Alichopata ni dawa za oili ya gia, zilizokusudiwa meno makubwa ya difu ya lori, ndani ya injini ambayo oili yake moja inalainisha pistoni, gia na klachi kwa pamoja. Klachi ya pikipiki hizi inaishi ndani ya oili. Ikipata dawa isiyoifaa, inateleza, na anayepanda Kirungu na magunia mawili ataijua siku hiyohiyo. Wajapani waliweka mwaka 1998 kipimo cha oili za pikipiki, JASO, na chapa ya MA juu ya kopo maana yake oili hiyo imepimwa na klachi ya namna hiyo. Hiyo ndiyo ya kutafuta dukani, 20W-50 au ile iliyoandikwa katika kitabu cha pikipiki.

Na hata kama uzito ungeongezeka kweli, asubuhi za Juni na Julai huko juu Kirungu, kwenye uwanda wa Marungu, ni za baridi. Oili nzito mno huchelewa kufika kwenye valvu kila injini inapowashwa, na sehemu kubwa ya uchakavu hutokea katika dakika hizo za kwanza. Sili iliyokauka haiwi laini kwa sababu kitu kinachopita mbele yake kimekuwa kizito.

Sasa nafika kwenye dai ambalo mafundi wazuri nao hulisema, na ndilo ninalotaka kukaa nalo: "Nimeweka sili mpya, ikivuja tena basi sili ni feki." Sili feki zipo, sikatai. Lakini sili mpya inapovuja mara ya pili na ya tatu mahali palepale, au ikikaa kavu na nyingine ikaanza, swali limehama. Kitu kinaisukuma oili kutoka ndani.

Fikiria kinachotokea chini ya pistoni. CG125 ina ujazo wa sentimita za ujazo 124. Kila pistoni inaposhuka, inasukuma hewa ya kiasi hicho ndani ya kasha la chini. Kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika hilo linatokea mara 100 kila sekunde. Juu ya hapo, gesi kidogo ya moto huponyoka kando ya ringi na kuingia humo humo, hata katika injini nzima. Ndiyo maana kila injini ina tundu la kupumulia, lenye mpira unaopanda kwenye boksi la chujio la hewa au kuning'inia nyuma. Ukiziba tundu hilo, hewa itatafuta pengine pa kutokea, na itapita penye udhaifu: mdomo wa sili, kona ya gasketi, hata kijiti cha kupimia oili. Na itatoka na oili.

Mpira huo huziba kwa njia ambazo hakuna anayezifikiria. Hukunjwa chini ya tanki siku mtu aliporudisha kiti kwa haraka. Hujaa tope la mvua. Nyigu hujenga ndani yake pikipiki ikikaa wiki kadhaa bila kuendeshwa. Hulainika kwa joto hadi kuta zake zikagusana. Na mara nyingine mtu ameuziba makusudi, kwa kipande cha mti, kwa sababu aliona oili inatoka hapo akadhani amepata chanzo. Uvute, upulize kwa mdomo, utazame ndani kwa mwanga. Kazi hiyo ni ya dakika chache na haina gharama, nayo ingepaswa kutangulia sili yoyote.

Kama njia ya hewa ni safi, washa injini hadi ifikie joto lake la kawaida, iache ikiunguruma taratibu, kiondoe kijiti cha oili, uweke kiganja karibu na tundu. Mvuke mwepesi ni kawaida. Ikipuliza kwa nguvu, kwa vishindo, na moshi ukatoka, ringi zimekwisha au silinda imeliwa, na hapo hakuna sili duniani itakayodumu. Moshi wa buluu kwenye ekzosi unapopandisha gia kilimani, na plagi yenye masizi yaliyolowa, hushuhudia jambo hilohilo. Fedha ya sili ya nne ingekuwa imeanza kulipia ringi.

Sababu nyingine ya msukumo ni wema uliozidi. Mwenye pikipiki inayovuja hujaza oili kupita alama, "ya akiba." Krenki na gia huipiga ile ziada kuwa povu, nafasi ya hewa inapungua, msukumo unapanda, uvujaji unaongezeka, naye anaongeza tena. Pima pikipiki ikiwa imesimama wima juu ya ardhi iliyo sawa, baada ya kuizima na kungoja kidogo. Honda nyingi ndogo hupimwa kijiti kikiwa kimetumbukizwa tu, bila kuzungushwa kwenye nyuzi zake.

Yote hayo yakiwa sawa, tazama mhimili wenyewe. Ushike uutikise: ukicheza, beringi imekufa, na sili haiwezi kukumbatia kitu kinachotangatanga. Pitisha ukucha pale mdomo wa sili unapokaa. Ukikwama kwenye mfereji, sili ya zamani iliyojaa vumbi imekichonga chuma. Fundi mwenye akili huizamisha sili mpya milimita moja pungufu, au moja zaidi kama nafasi inaruhusu, ili mdomo ukae juu ya chuma kisichoguswa. Mdomo upakwe oili au grisi kabla, upande wenye springi utazame ndani kwenye oili, na sili isukumwe sawasawa kwa soketi ya upana wake. Anayeipigia nyundo upande mmoja ameiharibu kabla haijafanya kazi hata saa moja, na hapo ndipo lawama nyingi za "feki" huzaliwa.

"Inavuja kidogo tu, naongezea kila wiki." Kidogo ya nini? Injini hizi hubeba oili ya lita moja hivi, CG125 hata chini ya hapo kidogo. Gari linabeba mara nne na zaidi. Tone moja kila sekunde, kwa safari ya saa moja, ni matone 3,600, zaidi ya mililita 100: zaidi ya sehemu moja ya kumi ya yote iliyonayo. Kutoka Moba hadi Kalemie kwa njia ile si saa moja, na si mbili. Tena oili inayotoka nyuma ya sproketi hurushwa hadi kwenye tairi la nyuma. Mama aliyepakizwa na mtoto mgongoni, wakishuka kutoka Kirungu kwenye kona zenye changarawe, hajui kwamba tairi lililo chini yake limepakwa mafuta. Hapa siwezi kuwa mpole: kwa anayebeba abiria, huo si uvujaji kidogo.

Na kuna ziwa. Pikipiki huoshwa ufukweni, oili chafu humwagwa kwenye makorongo yanayoshuka humo humo. Tanganyika lina kina cha mita 1,470 mahali pake pa chini kabisa, na mto mmoja tu unayatoa maji yake, Lukuga, pale Kalemie. Mengi zaidi huondoka kwa mvuke. Mvuke hauchukui oili. Inayoingia inabaki na watu wanaochota maji ya kunywa kwenye ufuko uleule.

"Gasketi ya katoni ni ileile tu." Hapa nakubali nusu. Kukata gasketi kwa mkono ni ufundi wa heshima, na mafundi wa Moba wanaujua kwa sababu boti haileti kila kitu. Karatasi maalumu ya gasketi, iliyonunuliwa kwa mita na kukatwa kwa makini, inakaa miaka kwenye kifuniko cha klachi au cha upande wa sumaku. Katoni ya biskuti hunywa oili, hulainika na kuipitisha. Lakini hatari kubwa kuliko karatasi yenyewe ni matundu. Katika injini nyingi oili hupita kutoka kasha hadi kifunikoni kwa kitundu kidogo kinachokatiza gasketi. Anayefuatisha ukingo na boliti tu, akakisahau kitundu hicho, amefunga mshipa. Injini itakaa kavu nje na kufa ndani. Weka gasketi ya zamani juu ya karatasi mpya, uhesabu kila tundu. Gasketi ya chini ya silinda inadai pia unene uleule, maana unene wake hubadilisha mgandamizo. Ya silinda hedi nunua, usikate.

Na la mwisho, "sili ya pikipiki hii haipo tena." Mara nyingi ipo, ila imeulizwa vibaya. Aliyetuma mtu Kalemie, Lubumbashi au Kigoma akaombe "sili ya Honda ya zamani" atarudishiwa jibu la hapana. Uso wa sili umechapwa namba tatu, kwa mfano 20, 34 na 7: kipenyo cha ndani, kipenyo cha nje na unene, kwa milimita. Sili yenye namba hizo hizo inaingia, hata kama ilikusudiwa mashine ya kusagia au pampu, mradi ni ya kuzuia oili na inastahimili joto la injini. Namba zikiwa zimefutika, pima kwa kalipa tundu la kasha na mhimili wenyewe. Usiipime sili iliyotoka, kwa kuwa mdomo wake umeshalegea. Ziandike tatu zote, na jina la pikipiki chini yake, kisha mpe karatasi hiyo anayesafiri kabla boti haijaondoka.